Koti la Seramiki Nairobi: Gari Lako Ulioshee Wapi?

Kijana aliyepaka gari langu koti la seramiki, lile tabaka gumu la kulinda rangi, alinipa masharti mawili kabla ya kunirudishia ufunguo: lisiguse maji kwa siku mbili, lisioshwe kwa wiki nzima. La tatu hakulisema, nami sikuuliza. Wiki hiyo ikiisha, linaoshewa wapi, na nani?

Jibu nililipata kwa uchungu. Jumamosi moja nilikuwa na haraka, nikapita kwa waosha magari wa karibu, nikaketi kwenye benchi na chai yangu. Kitambaa kilimponyoka kijana aliyekuwa akinioshea, kikaanguka chini. Akakiokota, akakikung'uta pajani, akaendelea na boneti. Usiku, chini ya taa za kituo cha mafuta, niliona mikwaruzo myembamba ya duara imeizunguka boneti yote kama utando wa buibui. Koti bado lilikuwapo na maji yaliteleza vizuri tu. Rangi ndiyo iliyokuwa imechorwa.

Njia zinazotumika Nairobi ni nne: waosha magari wa mtaani, ndoo mbili nyumbani, mtungi mmoja wa maji kwa wanaoishi ghorofani, na karakana za ditelingi, yaani mafundi wa kusafisha na kung'arisha gari kwa undani, ambao mara nyingi ndio wapakaji wa koti lenyewe. Kuna pia mashine za brashi kubwa zinazozunguka, lakini sitazijadili. Brashi iliyotoka kusugua lori lenye matope haina kazi kwenye gari ulilolilipia koti.

Kwanza, tujue tunatunza nini

Koti la seramiki ni kimiminika chenye silika kinachogandia juu ya rangi na kuwa tabaka gumu. Ni jembamba mno: kwa kawaida halizidi mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) moja au mbili. Tabaka angavu lililopuliziwa kiwandani juu ya rangi huwa na mikroni 40 hadi 50 hivi. Kwa hiyo koti linazuia uchafu usishike kwa nguvu, linavumilia sabuni na jua kuliko nta, na linafanya maji yajikunje shanga na kuteremka. Kokoto iliyorushwa na matatu halizuii, na mchanga unaosuguliwa kwa kitambaa utalikwaruza. Anayekuambia kwamba sasa gari halichubuki anakuuzia maneno.

Vigezo nilivyotumia

Cha kwanza ni mguso: nani anashika kitambaa, na kitambaa hicho kimetoka wapi. Naliweka hili mbele ya mengine yote, na nadhani wenye magari wengi huliweka nyuma. Watu hubishana kuhusu shampuu ipi ni bora, ilhali mikwaruzo mingi huletwa na vumbi lililosuguliwa.

Cha pili ni maji, kiasi chake na chanzo chake. Maji ya bomba yanayotoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a huteremka kutoka milima ya Aberdare na hayana madini mengi. Maji ya kisima kirefu huwa na chumvi na madini zaidi, na visima vya Nairobi vinajulikana hasa kwa floridi. Yakikaukia juu ya gari kwenye jua la saa saba, huacha madoa meupe ya duara. Koti halikuokoi hapo. Tena kwa kuwa maji hujikunja shanga juu yake, kila shanga ikikauka huacha doa lake.

Cha tatu ni sabuni. Inayofaa ni shampuu ya gari isiyo kali, yenye pH karibu na 7, yaani si asidi wala si alkali, isiyochanganywa na nta. Sabuni ya unga ya kufulia na ile ya kuondolea grisi ya injini ni kali, na zikitumiwa kila wiki hupunguza uteleziaji wa koti polepole.

Cha nne ni muda na pesa, na mwishoni mwa kila njia nitasema inamfaa nani.

1. Waosha magari wa mtaani

*Mguso.* Hapa ndipo penye hatari, ingawa si kwa sababu vijana hawajui kazi. Wengi wanaijua sana. Lakini kazi yao inahesabiwa kwa idadi ya magari, na sponji iliyosugua rimu za probox ndiyo itakayopanda kwenye boneti yako. Jingine la kuogopa ni mashine ya bafu, ile inayozunguka kung'arisha rangi kwa kuisugua. Utaulizwa kwa upole kabisa:

"Mkubwa, si tuipige bafu kidogo ing'are?"

"Apana, wacha tu. Ina koti."

Usilegeze hapo. Dawa ya kubafu ina chembe za kukwangua, na kitu kinachokwangua rangi kitaliondoa kwanza koti lililo juu yake. Dakika kumi za mng'aro wa bure zinaweza kufuta ulicholipia makumi ya maelfu ya shilingi.

*Maji.* Wana presha nzuri, na hapa wanazishinda njia zote mbili za nyumbani. Tope la udongo mweusi wa Embakasi au Athi River likikauka ndani ya matao ya magurudumu, ndoo hailiwezi. Uliza tu maji ni ya bomba au ya kisima. Kama ni ya kisima, sisitiza gari likaushwe papo hapo, kivulini.

*Sabuni.* Mara nyingi hujui ni nini kiko ndani ya ndoo. Beba shampuu yako.

*Muda na pesa.* Gari dogo huoshwa kwa shilingi mia chache, na kwa nusu saa umeondoka, isipokuwa Jumamosi mchana.

Njia hii ina siri ambayo wenye makoti wengi hawaijui: unaweza kuomba gari lisiguswe. Presha, povu likae dakika tatu hadi tano bila kukauka, presha tena, basi. Kama wana blowa, wapulize maji yatoke. Kwenye gari lisilo na koti, kuosha hivyo huacha ukungu wa vumbi unaoonekana wazi. Kwenye lenye koti, sehemu kubwa ya uchafu huondoka na maji. Utabaki utando mwembamba, lakini hutakuwa umeongeza mkwaruzo hata mmoja. Wakisema lazima waguse, wape glavu yako ya kuoshea na taulo lako, usimame karibu, na chai ingoje.

*Inamfaa* asiye na mahali pa kuoshea, anayepita njia za matope, na aliye tayari kusimama pale mpaka mwisho. Ukipata kijana mmoja anayekuelewa, mshike huyo huyo, umwongeze kitu kidogo. Anaweza kuwa na thamani kuliko shampuu yoyote utakayonunua.

2. Ndoo mbili nyumbani

*Mguso.* Ni wako mwenyewe. Ndoo moja ina shampuu, ya pili ina maji matupu ya kusuuzia glavu. Kila ukimaliza sehemu, glavu inaingia kwenye maji matupu kwanza, mchanga unabaki humo, kisha inarudi kwenye povu. Anzia paa, shuka kwenye vioo, boneti na milango. Sehemu ya chini ya milango na bampa la nyuma ziache mwisho kwa sababu ndizo zenye mchanga zaidi. Rimu zina kitambaa chake na ndoo yake, na havikutani kamwe na vile vya rangi.

Kabla ya kugusa chochote, mwagia gari maji ya kutosha. Vumbi jekundu la Kabete au Karen linaonekana laini kama unga, lakini limechanganyika na chembe zinazokwaruza. Liondoe kwa maji kadiri uwezavyo kabla ya glavu kufika.

*Maji.* Mpira wa maji wa kawaida hutoa lita 10 au zaidi kwa dakika, kwa hiyo dakika kumi tu za kusuuza ni lita mia moja. Katika jiji ambalo maji hufunguliwa kwa zamu na mitaa mingine huyapata siku chache tu kwa wiki, hilo si jambo dogo. Wa nyumba za kupanga wana la ziada: keateka, msimamizi wa ploti. Kwenye ploti nyingi kuosha gari kwa mpira kumepigwa marufuku, na sioni ubaya wake, maana tangi ni la wote.

*Sabuni.* Unaijua, kwa sababu umeinunua mwenyewe.

*Muda na pesa.* Saa moja hadi saa moja na nusu ukijumlisha kukausha. Gharama iko mwanzoni: ndoo, glavu, taulo kubwa la maikrofaiba la kukaushia na chupa ya shampuu. Baada ya hapo unalipa kwa jasho. Taulo za maikrofaiba zifuliwe peke yake, bila dawa ya kulainishia nguo, kwa sababu dawa hiyo huziba nyuzi zisifyonze maji. Usizichanganye na fulana za pamba, zitabeba nyuzi.

*Inamfaa* mwenye uwanja, maji na asubuhi ya Jumapili isiyo na mwito. Osha kabla ya saa tatu asubuhi au jioni. Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari na karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo jua la mchana hukausha povu kabla hujazunguka upande wa pili.

3. Mtungi mmoja

Njia hii huwafanya majirani wacheke. Kuna shampuu zilizotengenezwa zisihitaji kusuuzwa. Unachanganya kidogo mno, nyingine ni mililita 30 tu kwa lita 8 za maji. Unatumbukiza taulo kadhaa za maikrofaiba ndani ya ndoo. Unanyunyizia sehemu moja kwa chupa, unaiacha ilowe, unapitisha taulo moja likiwa limejaa maji, upande mmoja bila kusugua duara, halafu unakausha na taulo jingine kavu. Kila sehemu inapata upande safi wa taulo. Taulo lililotumika pande zote halirudi ndooni.

*Mguso.* Ni salama ikiwa gari lina vumbi la kawaida la mjini, na hapa koti linasaidia sana kwa sababu uchafu haukushika. Ni hatari ikiwa gari lina tope. Umetoka mazishini Machakos wakati wa mvua? Usijaribu. Lipitishe kwanza kwenye presha.

*Maji.* Mtungi mmoja wa lita 20 unatosha na unabaki. Maji hayamwagiki chini, keateka hana la kusema. Kwa kuwa unakausha sehemu kwa sehemu, hata maji ya kisima hayapati nafasi ya kuacha madoa.

*Sabuni.* Ni ya aina maalumu, na huwezi kuibadilisha na shampuu ya kawaida, itakuachia utelezi wa sabuni. Haipatikani kila duka la vipuri. Wauzaji wa vifaa vya ditelingi mtandaoni ndio huwa nayo.

*Muda na pesa.* Dakika 40 hivi kwa gari dogo ukishazoea. Chupa inaonekana ghali mpaka uhesabu imeosha mara ngapi.

*Inamfaa* wa Kilimani, South B, Umoja na popote penye maegesho ya chini ya ghorofa. Naitumia zaidi kuliko nyingine zote, lakini hiyo ni kwa sababu ya ninapoishi. Ningekuwa na shamba Rongai lenye barabara ya vumbi zito, ningeiacha.

4. Karakana ya ditelingi

*Mguso.* Ni mzuri zaidi kati ya mikono ya kulipwa, lakini usiamini jina la ubaoni. Siku hizi yeyote mwenye taa nyeupe ukutani na zulia la nyasi bandia anajiita fundi wa ditelingi. Angalia taulo zao zinakaa wapi. Zimepangwa kwa rangi na kazi zake, au ni furushi moja kwenye beseni?

*Maji.* Baadhi yao wana mashine ya kuchuja madini, kwa hiyo madoa hayatokei. Uliza.

*Sabuni.* Wanazo zote, pamoja na zile ambazo huzihitaji nyumbani, kama dawa ya kuyeyusha chembe za chuma na ya kuondoa lami.

*Muda na pesa.* Nusu siku na maelfu ya shilingi. Kuosha kila wiki kwao ni anasa. Kwenda mara mbili kwa mwaka kuna maana, hasa kama dhamana ya koti lako inadai ukaguzi wa kila mwaka, kama dhamana nyingi zinavyodai. Soma karatasi hiyo. Kama inasema gari lisioshwe mahali pengine popote, muulize fundi usoni ni nani atakayethibitisha, na umtake aandike.

*Inamfaa* mwenye pesa kuliko muda, mwenye gari jeusi linaloonyesha kila mkwaruzo, na yeyote ambaye koti lake limeacha kuteleza na hajui kwa nini.

Koti "limekufa"?

Niseme kidogo kuhusu hilo la mwisho, kwa sababu watu hupoteza pesa hapa. Baada ya miezi kadhaa maji hayajikunji tena, yanatandaa na kukaa. Mwenye gari anaambiwa koti limeisha, apakwe upya. Mara nyingi halijaisha, limezibwa. Moshi wa malori, lami na vumbi la breki la foleni za Thika Road hujenga utando juu yake, na maji yanaugusa utando huo badala ya koti.

Kabla ya kulipa, osha gari vizuri, kisha lipuliziwe dawa ya chembe za chuma likiwa kivulini na limepoa. Dawa hiyo hugeuka zambarau inapokutana na chuma, na wanaoegesha karibu na reli wataona zambarau nyingi. Isikaukie hapo, suuza sana. Maji yakianza kujikunja tena, koti lilikuwapo wakati wote. Baada ya hapo, dawa ya kupuliza yenye silika kila miezi miwili au mitatu hulirudishia utelezi, na unaweza kuipaka mwenyewe.

Madoa ya maji ya kisima nayo, yakiwa machanga, huondoka kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji kiasi sawa. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, pangusa polepole, suuza. Yakiwa ya miezi, mwone fundi.

Kwa hali yako

Unaishi ghorofani, unaendesha mjini tu, maji ni ya zamu: mtungi mmoja kila wiki, na presha ya mtaani bila kuguswa wakati wa mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba.

Una uwanja na bomba linalotoa maji: ndoo mbili kila wiki mbili. Ukiona vumbi tu katikati ya hapo, liache. Usipanguse gari kavu kwa kitambaa, wala usimruhusu soja akufanyie wema huo asubuhi. Mshukuru, mpe mkono, mweleze.

Unapita barabara za tope kila siku: kijana wako wa mtaani, glavu yako, shampuu yako. Mara mbili kwa mwaka, karakana.

Gari ni la kazi, la teksi ya programu ya simu, linaoshwa kila siku: presha na povu bila kuguswa siku nyingi, na siku moja kwa wiki lioshwe kwa mkono. Kuguswa kila siku na vitambaa vya watu kutalimaliza gari haraka kuliko jua.

Koti ni jipya, halijatimiza wiki: usilioshe popote. Likipatwa na mvua, likaushe kwa taulo safi bila kukandamiza, halafu uliache.

Unaegesha chini ya miti: jakaranda huanza kumwaga maua karibu Septemba, na yakilowa hushika kwenye rangi. Kibaya zaidi ni kongoti, wale ndege wakubwa wanaokaa juu ya migunga karibu na uwanja wa Nyayo. Kinyesi chao ni kingi na kina asidi, na jua likikioka hupenya koti hadi kwenye rangi. Weka kwenye buti chupa ya kunyunyizia yenye ile shampuu isiyosuuzwa, pamoja na taulo mbili. Nyunyizia, ngoja dakika mbili kilainike, kiokote kwa taulo kama unavyookota kitu, usikisugue. Fanya hivyo hapo hapo kwenye maegesho, usisubiri Jumamosi.